Faili Lililopotea Kliniki ya Masikio

Walimwita Bisibisi kwa sababu bisibisi yake ndogo haikukaa mfukoni wala mkobani. Aliichomeka kwenye nywele, nyuma ya kichwa, kama wenzake wanavyochomeka kibanio. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mke wa fundi cherehani, mama wa mabinti wawili waliokwisha kuolewa, na mtaani kwao hakuna aliyezijua kompyuta kuukuu kama yeye. Mashine ambazo mafundi wengine walisema zikatupwe, yeye alizifungua, akazipuliza vumbi, akazisemesha kama mgonjwa, na nyingi ziliamka.

Asubuhi moja alipigiwa simu na mpimaji wa kliniki ya masikio, mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kuhesabu maneno. Siku hiyo yalimtoka mbio.

"Fundi, njoo. Nimeua mashine."

"Imezimika, mzee?"

"Inawaka, lakini programu ya kupimia haifunguki. Na hapa kwenye benchi nina akina mama kumi na mmoja na watoto wao."

Bisibisi alimkuta amesimama mbele ya kompyuta, mikono kichwani, kama mtu aliyeona nyumba yake ikiungua. Mashine ile ilikuwa na miaka kumi na mitano. Kitu cha thamani ndani yake kilikuwa kimoja tu: programu iliyopeleka milio kwenye hedifoni, mizito na myembamba, ya nguvu na ya kunong'ona, kisha ikachora kwenye karatasi kiasi anachosikia mtu. Kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kufungwa zamani. Sasa katikati ya skrini palikuwa na kijisanduku chenye ujumbe kwamba programu haiwezi kuanza, kwa sababu faili moja la mfumo halimo.

"Nieleze ulichofanya, mzee. Usinifiche kitu."

Mzee akameza mate. "Nilitaka kuwaonyesha akina mama video ya kutunza masikio. Ikawa inakwama kwama. Nikaifuta ile programu ya kuchezea video na muziki, nikaweka mpya."

"Ulipoifuta, ilikuuliza swali?"

"Iliuliza. Eti kuna mafaili yanaweza kuwa yanatumiwa na programu nyingine, niyafute au niyaache."

"Ukajibu nini?"

"Yote yafutwe. Nilidhani nafanya usafi."

Bisibisi akaelewa kilichotokea. Programu za zamani zilikaa kama wapangaji wa nyumba moja wanaochota maji kwenye bomba moja. Ile ya video ilipohama, iling'oa na bomba, na ya kupimia ikabaki na kiu. Ile mpya nayo ilikuwa ya kisasa mno kwa mashine kama ile. Ilijiingiza nusu, nusu ikakataa.

Akavuta kiti. Kwanza alitazama kwenye pipa la taka la kompyuta. Tupu. Akaiamuru kompyuta ijikague yenyewe na kurudisha mafaili yake iliyozaliwa nayo. Ikajikagua nusu saa nzima, ikarudisha mawili, lakini lile lililotakiwa halikuwamo, maana lilikuja na programu ya video. Mzee akapendekeza walitafute mtandaoni, walichukue peke yake.

"Faili la kuokota njiani siliweki kwenye mashine ya wagonjwa," Bisibisi alisema. "Hatujui limebeba nini. Kompyuta hii haikuwa na mwenzake?"

Mwenzake alikuwa stoo, chini ya maboksi ya glavu, ameungua umeme miaka mitatu iliyopita. Bisibisi alimfungua, akatoa diski yake, akaiunganisha kwa waya na kompyuta ya mzee. Mle ndani, kwenye kabrasha ambalo hakuna aliyelifungua tangu mashine zinunuliwe, akakuta kifurushi kizima cha programu ya video ya zamani, toleo lilelile. Akaifuta ile mpya, akaiweka ya zamani upya kutoka kwenye kifurushi chake, akaizima kompyuta na kuiwasha. Kijisanduku hakikutokea. Programu ya kupimia ikafunguka.

Mzee akageukia mlango kumwita mtoto wa kwanza.

"Ngoja kwanza," Bisibisi akasema. "Niisikilize kabla hujampima mtoto wa mtu."

Akaingia kwenye kijumba cha kupimia, kilichovikwa sponji kuta zote, akavaa hedifoni. Mzee akabonyeza. Upande wa kushoto mlio ulikuja, safi. Upande wa kulia hapakuja kitu.

Akatoka, akakagua mipangilio ya sauti. Pande zote mbili zilikuwa sawa. Akachomoa waya, akaufuta, akauchomeka. Kulia kimya. Akaomba hedifoni nyingine. Kulia kimya. Akaanza kuapa moyoni kwamba bado kuna faili limepotea, na akina mama walikuwa bado wanangoja kwenye benchi.

"Hebu nipe mimi," mzee akasema. Akavaa, akasikiliza. "Kulia inalia, fundi. Tena vizuri kabisa."

Bisibisi alimtazama. Kisha akafanya jambo ambalo hulifanya kila siku na vifaa vya watu: akabadilisha pande. Akazigeuza hedifoni, ya kulia akaiweka kushoto na ya kushoto kulia. Kama hitilafu ingekuwa kwenye mashine, kimya kingehamia kushoto.

Hakikuhama. Kilibaki palepale, upande wake wa kulia.

Alikaa ndani ya kijumba kile, hedifoni zingali masikioni. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliweka simu sikio la kulia, asikumbuke. Akamkumbuka wifi yake, dada wa mumewe, aliyemnunia nusu mwaka akidai alimsalimia sokoni mara tatu na Bisibisi akapita kama kapita kwenye nguzo. Alikuwa amekana na kuapa. Sasa alijua wifi alisimama upande gani.

Mzee akafungua mlango, akamwona uso.

"Mwanangu, kaa hivyohivyo," alisema taratibu, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Nikupime."

Mgonjwa wa kwanza wa mashine iliyofufuka akawa fundi wake. Karatasi ilipotoka, mstari wa sikio la kushoto ulikwenda juu, umenyooka. Wa kulia uliporomoka hadi chini. Mzee akammulika sikio kwa tochi yake. Hakukuwa na uchafu, na ngoma ilikuwa nzima.

"Hapo ndipo ninapopata wasiwasi," alisema. "Sikio moja tu halifi bure. Nenda kwa daktari wiki hii."

Daktari alimpiga picha ya kichwa. Kulikuwa na uvimbe mdogo, kama punje ya hindi, umekaa kwenye neva ya kusikia. Si saratani, alisema, lakini ungeachwa ukue ungekandamiza ubongo, kwa hiyo ilibidi utolewe. Mumewe alipoelezwa alitazama ile picha, kisha akauliza kama anaruhusiwa kukaa chini.

Kabla ya upasuaji Bisibisi alikwenda kwa wifi yake, akamwonyesha karatasi ya mzee. Wifi aliisoma, akaisoma tena, akafunika mdomo kwa kanga. "Miezi sita nakusema kwa watu," alisema, "kumbe unaumwa." Ndiye aliyelala naye wodini.

Uvimbe ulitoka wote. Sikio la kulia halikurudi, na daktari hakumdanganya kwamba litarudi. Majuma matatu alitembea akishika ukuta, dunia inayumba. Mwezi wa nne baada ya upasuaji akarudi kwenye meza yake ya kazi.

Kilichomshangaza zaidi, alipoanza kujichunguza, ni kwamba sauti hazimwonyeshi tena zinatoka wapi. Anasikia feni ya kompyuta ikikwaruza asijue iko mashine ipi kati ya tatu zilizo mezani, hadi aziguse moja moja kwa kiganja. Akiitwa barabarani huzunguka mzima, mara moja au mbili, akitafuta mdomo unaomwita, kisha hucheka mwenyewe na kungoja huyo mtu amfikie.