Wanafunzi Wawili wa Kwanza

Mwaka shule yetu ilipoamua kusherehekea uzee wake, mimi ndiye niliyetwishwa kazi ya kuandika historia. Sikuiomba. Nilikuwa mwalimu wa Historia na Kiswahili, nilikuwa nimesoma katika shule hiyohiyo nikiwa msichana, na siku ya kugawa kazi nilichelewa mkutanoni. Kwa sababu hizo, hasa hiyo ya mwisho, nikawa katibu wa kamati.

Ni shule ya wasichana ya bweni, pembezoni mwa mji wa Isiolo, mahali ambapo upepo wa mchana hupeperusha vumbi mpaka ndani ya sahani ya ugali. Mabinti huja kutoka kila upande: Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali, Wameru. Watu wa Isiolo hubishana karibu juu ya kila kitu, kuanzia malisho mpaka stendi ya boda boda, lakini wote hukubali kwamba shule hii ni yao. Shida ni kwamba kila mmoja hukubali hivyo peke yake.

Kamati iliongozwa na mwenyekiti wa bodi, mfanyabiashara wa mifugo ambaye, kwa kuzoea kelele za soko la ng'ombe, alikuwa hawezi kukuambia hata pole bila kupaza sauti. Wa pili kwa ukubwa alikuwa prinsipali, tuliyemwita Madam tu. Alikuwa mwanamke nadhifu, mchapakazi, aliyeamini kwamba hakuna tatizo duniani lisiloweza kupakwa rangi. Chini ya uongozi wake hata mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa nyeupe, na mbuzi wa majirani wakaanza kuyaogopa.

Mikutano ilianza na hema, ikaenda kwenye chakula, ikakaa sana kwenye fulana za wajumbe. Historia iliwekwa mwisho, chini ya "mengineyo," wakati watu wameshaanza kupapasa mifuko wakitafuta funguo za magari. Nikasimama kusoma rasimu yangu.

"Darasa la kwanza," nilisoma, "lilikuwa banda la kuchanjia ng'ombe."

Madam akainua kalamu. "Andika 'jengo la kihistoria.'"

"Wasichana wa kwanza walilala juu ya ngozi, sakafuni."

"'Mazingira ya asili.'"

"Kikaja kiangazi kikali, chakula kikaisha, shule ikakaribia kufungwa."

"'Changamoto za hali ya hewa,'" alisema Madam. "Na hilo la kufungwa liondoe. Shule haikaribii kufungwa, Mwalimu. Shule hupumzika."

Basi nikaandika kwamba shule ilipumzika. Wakati huo sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote yaliyotokea hasa mwaka ule wa kiangazi, na neno "ilipumzika" halikuonekana baya kuliko mengine.

Ugomvi wa kweli ulizuka tulipofika kwa mwanafunzi wa kwanza. Mwenyekiti alitaka aheshimiwe jukwaani. Nusu ya kamati ikasema mwanafunzi wa kwanza anajulikana: ni mama mmoja Mborana anayekaa mtaa wa Kiwanjani, mke wa marehemu mwenye duka la nguo. Nusu ya pili ikasema hapana, anajulikana zaidi: ni mama Mturkana wa Oldonyiro, mzee wa kanisa, mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Kila upande ulikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa sauti. Mjumbe mmoja akaapa kwamba upande wake usipotajwa, watu wake hawataleta ng'ombe wa kuchinja. Hapo ndipo suala likawa zito.

"Tualike wote wawili," mwenyekiti akaamua.

"Wote wawili wawe wa kwanza?" niliuliza.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ni wa Historia, si wa Hesabu."

Zikashonwa tepe mbili za kuvaa begani, rangi moja, maandishi yaleyale: MWANAFUNZI WA KWANZA.

Siku ya sherehe ilipofika, shule ilikuwa inang'aa. Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika tangu muhula uanze, na tulikuwa tukiletewa maji na bauza, lori la tangi. Maji ya bauza la asubuhi hiyo yalitumika kumwagilia maua, kwa maelezo kwamba mgeni wa heshima, mkubwa mmoja kutoka kaunti, angeyaona maua lakini hangeona miguu ya wasichana isiyooshwa ndani ya soksi. Wasichana walipangwa juani, wamenyooka, midomo imekauka. Wageni walikaa hemani.

Madam alihutubia vizuri. Alizungumzia nidhamu, akazungumzia tena nidhamu, kisha akaondoa miwani na kusema kwa sauti ya kutetemeka: "Katika historia yake yote, shule hii haijawahi kushuhudia mgomo. Hata mmoja!"

Sisi walimu tukapiga makofi. Wasichana nao wakapiga, kwa kiasi.

Kisha akaitwa mwanafunzi wa kwanza.

Mwenyekiti alikuwa ameogopa siku nzima kwamba kina mama wale wangegombana hadharani, kwa hiyo alikuwa amewakalisha kwenye hema mbalimbali, kila mmoja akizungukwa na watu wake. Sasa wakasimama pamoja. Mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, amejifunika mtandio wa buluu mpaka magotini. Wa pili alikuwa mfupi, shanga zimemjaa shingoni juu ya sare ya kanisa. Kila mmoja akaiona tepe ya mwenzake. Pale hemani watu waliacha kutafuna.

"Nagaa!" alisalimu yule wa Oldonyiro kwa Kiborana, lugha ya mwenzake.

"Ejoka!" alijibu yule wa Kiwanjani kwa Kiturkana.

Wakaendeana mbiombio kama fimbo walizoshika ni za urembo tu, wakakumbatiana katikati ya uwanja, tepe zikanasana, wakashindwa kuachana, wakabaki wakicheka huku machozi yanawatoka. Watu wao waliokuja tayari kuwatetea walikosa la kufanya. Baadhi walijaribu kuendelea kukasirika, lakini ni vigumu kukasirika peke yako.

Mama wa Kiwanjani akapewa maikrofoni. Aliwasalimu watu salaam aleikum, kisha akasema, "Naambiwa mimi ni wa kwanza. Huyu naye anaambiwa ni wa kwanza. Tulikuja siku moja, kwa lori moja la mbuzi. Lakini mimi ndiye nilishuka mbele."

"Hukushuka," mwenzake akamkata. "Ulianguka. Aliyeshuka ni mimi."

Kicheko kilichotoka kwa wasichana kilikuwa cha kwanza cha kweli siku ile. Mwenyekiti alicheka pia, kwa kuwa bado hakujua kinachokuja.

"Sasa," akaendelea mama wa Kiwanjani, "nimesikia Madam anasema hapa hakujawahi kuwa na mgomo. Tusimlaumu. Yeye ni mtoto, hakuwa amezaliwa. Sisi tuligoma."

Nilimtazama Madam. Alikuwa amevaa tena miwani.

Wakasimulia kwa zamu, wakinyang'anyana maikrofoni. Mwaka wa kiangazi kile kikali, stoo ya shule ilibaki na magunia matupu. Ikaamuliwa juu huko kwamba wasichana warudishwe makwao na shule ifungwe mpaka hali iwe nzuri, na kila mtu alijua maana ya maneno hayo. Lori likaletwa. Wasichana, badala ya kupanda, wakaenda wakaketi chini langoni, mikono wameshikana, hawa wawili katikati.

"Dereva akapiga honi, tukaimba," alisema mama wa Oldonyiro. "Akazima injini, tukaimba. Jua likamchoma, akashuka, akatuomba maji ya kunywa. Tukamwambia, maji hakuna, kwani wewe unafikiri unatupeleka nyumbani kwa sababu gani?"

Wanawake wa mjini waliposikia kwamba kuna wasichana wameketi kwenye vumbi wanakataa kuacha shule, walianza kuja kutazama. Kutazama kukawa kuleta: huyu maziwa ya ngamia, yule unga, mwingine mbuzi mkondefu aliyekuwa naye nyumbani. Wazee, walipoona wake zao wanatoka na vyungu, wakaja kujua kuna nini, na walipokwisha kufika ikawa aibu kurudi bila kuchangia. Lori likaondoka tupu. Shule haikufungwa.

"Wangetupakia siku ile," akamalizia mama wa Kiwanjani, "nyinyi leo mngekuwa mnakatia keki banda la ng'ombe."

Wasichana walipiga kelele mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye miti ya migunga. Nilikuwa nimesoma pale, nimefundisha pale, nimekula ugali wa pale wenye vumbi nusu ya maisha yangu, na jambo hili nililisikia pamoja na watoto wa kidato cha kwanza. Nilishika rasimu yangu yenye ile "ilipumzika" na nikatamani kuikalia.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika kwenye maikrofoni.

"Wazazi," alinguruma, "mama zetu wametumia lugha ya zamani. Ule haukuwa mgomo. Yalikuwa maombi. Wasichana waliketi langoni kwa maombi."

Mchungaji mmoja, kwa mazoea tu, akaitikia amina.

"Tulikuwa tunamtukana dereva," alisema mama wa Oldonyiro.

"Maombi ya nguvu!" akasema mwenyekiti, na papo hapo mtambo wa sauti ukaharibika kwa amri, na muziki ukafunguliwa kwa mtambo uleule.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Jumatatu iliyofuata, baada ya paredi, wasichana wa kidato cha tatu hawakuingia darasani. Walikwenda langoni na ndoo zao tupu, wakaketi kwenye safu zilizonyooka kuliko tulivyowahi kuwafundisha, sketi zimefunika magoti, kimya kabisa. Bauza la maji lilikuwa halijaonekana tangu lile la maua.

Madam alikuja kwa mwendo uliokaribia kuwa mbio. "Mnagoma?"

Kiongozi wao, binti mpole ambaye kwa kawaida hata kuomba chaki kulimtoa jasho, alisimama, mikono nyuma.

"Hapana, Madam. Tuko kwenye maombi."

Mwenyekiti akapigiwa simu. Alifika na gari lake lingali na kinyesi cha mbuzi nyuma, akashuka, akafungua mdomo. Wazazi kadhaa waliokuwa wakipita walikuwa wamesimama kando ya barabara, na wote walikuwa wamekuwapo kwenye sherehe. Mwenyekiti akafunga mdomo. Kisha akavua kofia yake, kama afanyavyo mtu aliyekuta watu wanaomba, akarudi nyuma polepole na kuanza kupiga simu. Nilikuwa karibu, nilimsikia akimuuliza fundi wa pampu, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo, kama anaweza kuja sasa hivi.

Fundi alikuja kabla ya chakula cha mchana. Kifaa kilichokuwa kikitakiwa kilikuwa kikiuzwa mjini siku zote hizo, katika duka linalotazamana na stendi. Maji yalipotoka, mekundu kwanza, kisha meupe, wasichana walisema amina kwa sauti moja, wakachukua ndoo zao.

Mimi niliitwa ofisini.

"Mwalimu," alisema Madam, akipanga kalamu zake, "nani aliwaalika wale kina mama?"

"Kamati, Madam."

"Na nani katibu wa kamati?"

Nikahamishiwa kamati ya maua. Jarida la shule lilipotoka lilikuwa na karatasi nzito inayometameta, Madam akipanda mti, Madam akiutazama mti, mgeni wa heshima akionyeshwa mti. Historia ilipewa aya moja. Ilisema kwamba shule ilipumzika kidogo kutokana na changamoto za hali ya hewa, kisha ikaendelea kwa maombi. Nakala zilipelekwa nyumbani na wasichana, na naambiwa kwa mtoto mmoja jarida hilo linafunika ndoo ya maziwa vizuri sana.

Likizo ilipofika, mama wa Kiwanjani alinitumia ujumbe: anataka kwenda Oldonyiro kumwona mwenzake, na wanawe hawana nafasi. Nikamsindikiza. Tulifika weupe kwa vumbi. Mwenyeji wetu alitupiga mgongoni kwa kiganja kama anayekung'uta mkeka, akatukaribisha ndani na kututengenezea chai ya maziwa.

Walizungumza juu ya magoti, wajukuu na bei ya mbuzi. Walipotulia, niliuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu siku ile: kwa nini hasa walikataa kupanda lori? Njaa ilikuwepo shuleni. Hata kama nyumbani ilikuwepo, huko kulikuwa na mama.

"Mimi, mwalimu, nyumbani kulikuwa na mzee," alisema mama wa Kiwanjani. "Alikuwa ameshatoa ng'ombe wa mahari. Dada yangu mdogo ndiye aliniletea habari. Nilijua nikipanda lori lile, mambo ya kusoma yamekwisha."

Nikamgeukia mwenzake. Alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka kitambo.

"Mimi hakukuwa na mzee," alisema. "Watu wetu walikuwa wamehama na wanyama waliobaki. Hakuna aliyejua wamefika wapi. Dereva aliniuliza, 'Wewe nikushushe wapi?' Sikuwa na jina la mahali la kumpa. Kwa hivyo nikaketi."

"Uliwapata?"

"Baada ya mvua. Mama nilimpata." Akaweka kijiko chini. "Na ndugu mmoja."

Mama wa Kiwanjani alisogeza kigoda chake, akamshika mkono, akaanza kumwambia jambo kwa Kiturkana, polepole, akitafuta maneno. Mimi sijui lugha hiyo. Nikachukua kikombe changu, nikatoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikawaacha wazungumze.