Kurasa Zilizoshikana kwa Nta

Jumatano iliyopita, kwenye kaunta ya maktaba mjini Tabora, mrina asali mmoja wa kijiji cha Ipole alirudisha kitabu cha hadithi alichokisoma porini. Mkutubi alijaribu kufungua kurasa za mwisho, zikagoma.

"Baba, umekigandisha na nta."

"Nilikishika na mikono ya kazi, binti yangu. Mwaka huu sijapenda kitabu kama hicho, na mwisho wake sijauona."

"Kikibaki hivi, kiangazi hiki sikupi kingine."

"Nta haivutwi, inapashwa moto," alisema mzee, akakiweka dirishani penye jua.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikakitambua kitabu kile. Marehemu mke wangu alikuwa akinisomea kila jioni baada ya sala, Mungu akamwita kabla hatujamaliza. Nilimwomba mzee asome kwa sauti.

Kurasa ziliachia moja moja. Alisoma polepole, na mkutubi akauweka chini muhuri wake, akasikiliza.

Kusema kweli, mwisho wenyewe haukuwa mzuri kama tulivyoutegemea. Mzee alipewa vitabu viwili vya kiangazi. Mimi nami niliazima kimoja, cha kwanza tangu msiba.