Jiwe la Dereva na Kurasa za Sindano

Tarehe 9 Juni 2009, saa moja na dakika hamsini asubuhi, fundi mmoja wa kike alitia sahihi kwenye daftari la mahudhurio la kiwanda cha uchapaji: mstari wa saba, wino wa bluu. Kwenye mstari wa nane, wa mwenzake, liliandikwa neno moja tu: hospitali.

Kiwandani wanamwita Sindano, kwa kuwa hushona vitabu. Mwenzake alikuwa Gundi, kwa sababu iliyo wazi. Kitabu hukusanywa kwa mikunjo ya kurasa kumi na sita, kila mkunjo una alama nyeusi mgongoni, na ukipanga sawasawa alama hizo hushuka kama ngazi. Asubuhi ile Sindano alipanga vitabu mia nne vya jiografia bila kuitazama ngazi. Mchana Gundi akarudi, akavipaka gundi. Vilipofunguliwa, mito ilikuja kabla ya milima, na aliyekuwa navyo mkononi alikuwa Gundi. Alifukuzwa wiki hiyohiyo. Sindano alikuwa na mtoto wa miezi mitatu na mkataba wa muda. Alinyamaza.

Miaka kumi na mitano baadaye, Gundi alirudi kuomba barua ya utumishi. Chuo cha ufundi kilitaka mwalimu wa kujalidi vitabu. Ofisi ilifungua faili lake, ikakataa. Sindano alimwona akitoka getini, akainamia uzi wake.

Wiki iliyofuata muuza dawa wa mtaani alimletea kitabu kilichochanika mgongo.

"Usinipotezee hata ukurasa, fundi. Sijakimaliza."

"Na kimezeeka hivi?"

"Kinanitisha, dada yangu. Nakisoma kidogokidogo, kama dozi."

Kilikuwa na hadithi za siku hizi zilizochotwa kwenye visa vya kale vya Kihindu: miungu inapanga foleni benki, mashetani wanamiliki maghorofa. Kwa kawaida Sindano husoma mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ukurasa, kuhakiki mpangilio. Safari hii alisoma yote, amesimama, miwani puani.

Iliyomnasa ilikuwa ya dereva wa lori. Lori lake liliharibika, akaweka jiwe chini ya tairi, akatengeneza, akaondoka na kuliacha barabarani. Anapokufa, karani wa mungu wa kifo, amevaa tai, hamhukumu. Anamrudisha kuzaliwa upya, mara tatu, na kila mara dereva analikuta jiwe lilelile barabarani. Analia, anatubu, anatoa sadaka. Jiwe halisogei mpaka mtu ainame.

Nyumbani aliuliza maana ya karma, neno alilolikuta kitabuni.

"Ni pale adui yako anapoanguka, mama," alisema bintiye, yule aliyekuwa wa miezi mitatu wakati ule.

"Kwenye kitabu hakuna adui. Yupo dereva tu."

Akawaeleza habari za dereva, kisha za vitabu vya mwaka 2009. Mumewe aliweka kikombe chini.

"Miaka kumi na mitano, mke wangu! Na mwezi ujao unapewa usimamizi wa chumba cha kujalidi. Si usubiri kwanza?"

"Nikishakuwa msimamizi nitapata sababu nyingine ya kusubiri. Naenda kesho."

"Wakikufukuza?"

"Nitashona hapa sebuleni. Utanishikia uzi."

Asubuhi aliomba daftari la mwaka 2009 kutoka stoo, akalifuta vumbi, akaingia nalo kwa meneja. Alimwonyesha mstari wa saba na wa nane.

"Vitabu vile nilivipanga mimi. Gundi hakuwepo. Mpeni barua yake."

Meneja alisoma mara mbili. "Nani amekutuma?"

"Dereva wa lori."

"Yupi, anayetuletea karatasi?"

"Hapana. Humjui."

Alikataa kuketi mpaka meneja alipompigia katibu muhtasi simu aandike barua ya Gundi.

Gundi alipigiwa simu na Sindano mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo," alisema, "ulikuwa unashona tu?"

"Nilikuwa nashona tu."

Akakata simu.

Kitabu cha muuza dawa kilikwenda kwa mwenyewe na mgongo mpya, kurasa zote zikiwa mahali pake. Barua ilitoka Ijumaa. Usaili wa Gundi chuoni ni Jumatano. Kikao cha nidhamu cha Sindano ni Alhamisi, saa tatu asubuhi.