Mzee Asiyeitikia Salamu

Mtihani wa kuzungumza Kihispania ulinitisha kuliko uchungu wa kuzaa, na mimi nimezaa mara tatu. Kwa miaka miwili nilikuwa nikitoka kazini Woolwich, huku Uingereza, nikienda darasa la jioni, usingizi wa kilo mia begani. Nyumba moja ya wazee wa Kihispania ilishaniahidi kazi ya kudumu ya kuwahudumia, ila kwa sharti moja: cheti cha taasisi ya lugha yao, taasisi inayokilinda Kihispania kama dhahabu ya benki. Nikifeli, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Siku yenyewe, binti yangu alinisindikiza mpaka mlango wa chumba cha mtihani.

"Mama, unatetemeka mpaka miwani inacheza."

"Nyamaza wewe, niombee."

Chumbani walikuwa wawili: mama wa makamo mezani, mwenye maswali, na nyuma yake, pembeni, mzee wa mvi na kalamu yake. Mama nilimsalimia, akaitikia. Sasa mimi nimelelewa Tanga. Humsalimii mdogo ukamruka mkubwa. Nikamgeukia mzee na Kihispania changu chote: umeamkaje, nyumbani hawajambo, kazi inaendaje?

Akaandika tu.

Jasho likanitoka ndoo nzima. Kwetu mzee asipoitikia salamu, una kesi. Nikadhani hasikii vizuri. Nikamfuata nikimnyooshea mkono, nikapaza sauti. Nikamwomba radhi kama nimemkosea. Nikamuuliza anaumwa wapi, au amefiwa? Akainamisha uso, mabega yakatikisika. Mungu wangu, nimemliza mzee wa watu!

"Bibi, keti," mama akasema taratibu, naye anazuia kicheko. "Yeye haruhusiwi kuzungumza na mtahiniwa. Kazi yake kusikiliza na kutoa alama."

"Na hayo niliyosema?"

"Ameyasikia yote."

Nikaketi. Picha ya soko niliyotakiwa kuieleza niliiona giza tupu. Nilitoa maneno kumi, sita yakiwa samahani.

Wiki tatu sikula. Haya, nilikula, ila sikusikia ladha. Matokeo yalipoingia kwenye simu nilimpa binti yangu afungue, mimi nikajifungia chooni.

"Mama, kwenye picha wamekuonea huruma," akasema nyuma ya mlango, kwa Kiingereza chake. "Lakini mazungumzo umepasua. Umefaulu."

Nikamwambia asome tena. Akasoma. Mara ya nne ndipo nikafungua mlango.