Siku Mauza Alipotoka Eda

Miezi minne na siku kumi Mauza alikaa chumbani Kariakoo, kaniki kuukuu mwilini, kichwa hakijui mafuta, kioo kimegeuziwa ukutani. Kelele za sokoni, alikokuwa akiuza vitumbua kabla ya msiba, zilimfikia zote. Soko lenyewe hakuliona. Mwanamume wa kando hakusema naye hata salamu. Anayedhani miezi minne ni michache, na ahesabu boriti za dari moja tangu alfajiri hadi magharibi, kisha aje tuzungumze.

Marehemu mumewe, Sadalla, alikuwa msuka vitanda, bingwa wa kamba. Mwaka wake wa mwisho wakubwa wa mji waliingiwa na uchu wa wageni. Meli za matembezi zilikuwa zikitia nanga kwa saa mbili tu, kisha hao, Unguja, eti kwa sababu Dar es Salaam haina pwani nzuri ya kuogea. Basi ikachaguliwa pwani ndogo nje kidogo ya mji, mchanga ukafagiwa, vikajengwa vibanda vya kuvulia nguo, na Sadalla akaajiriwa kuizungushia ua wa fito.

"Mji utapendeza, mke wangu," alisema huku akikohoa. Alikuwa ameshinda majini hadi kiunoni akifunga ncha za ua, na kikohozi kile ndicho kilichomzika.

Sasa sikia. Pwani hiyo hiyo ndiko wanawake wa mtaani kwao walikotolewa eda tangu enzi za bibi zao. Feri kumejaa wavuvi, bandarini kumejaa makuli, mjane ataoga wapi? Pale kila mjane alioga, kaniki ikachukuliwa na maji, akavaa kanga mpya, akarudi kuwa mtu. Kuruthumu, dada wa marehemu, hakutaka kusikia vingine, na nyumba ilikuwa ya Kuruthumu.

"Bila maji yale eda haijatoka, wifi," alisema asubuhi ya siku ile. "Tukikosa, utarudi chumbani."

Walipofika, mlinzi alikuwa ameshika lango: Isidori, kijana wa bara, buti zimeng'arishwa mpaka zinatisha.

"Shikamoo, mama. Hapa hamruhusiwi. Leo meli imeingia."

"Marahaba. Basi tutakuja kesho," alisema Kuruthumu.

"Kesho, keshokutwa, mtondo, ni vile vile. Pwani hii ni ya wageni sasa."

Mauza alisikia yote ndani ya buibui lake, na haikumpasa kujibu. Alikiona chumba kile, boriti zile, na mwisho wake hakuuona. Akamkasirikia Sadalla, Mungu amsamehe. Mwanamume gani huyu, anamfungia mkewe nje kisha anakufa?

Honi ya motokaa ikalia barabarani. Isidori akakimbia kuwapokea wageni.

Mauza alisogea mbali na lango, akaegemeza paji la uso kwenye fito. Ndipo alipoliona fundo. Mizunguko miwili, ncha imepitishwa chini na kufichwa nyuma, mwizi asiipate. Kitanda chao kilikuwa na mafundo hayo hayo. Kila mwaka kamba zilipolegea, Sadalla alikiwamba upya, na yeye Mauza ndiye aliyemshikia ncha.

Kidole kikaingia nyuma ya ufito, kikaipata ncha. Akavuta. Fito mbili zikaachana, wakapenya.

Aliingia majini nyuma ya kichaka, Kuruthumu akimmiminia kwa kata, midomo ikisoma dua haraka haraka. Kaniki ikaelea, ikazama, ikaenda. Mauza alilia kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia. Kisha akavaa kanga mpya, wakatoka.

"Twende, wifi! Acha hivyo hivyo!"

Hakuacha. Alipiga magoti mchangani, akazungusha kamba mara mbili, akapitisha ncha chini, akaificha nyuma. Mikono haikukosea. Kazi ya mwisho ya Sadalla asingeiacha imelegea.

Isidori alirudi akihema, akawatazama kwa shaka, akautikisa ua pale walipokuwa wamesimama. Haukucheza.

"Aliyefunga hapa alikuwa fundi," alisema, kama anayejisemea.

"Alikuwa mume wangu," alijibu Mauza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mwanamume wa kando tangu msiba.