Jina la Kompyuta ya Kipaimara

Mchana kweupe nilikuwa nimekaa zangu sebuleni kwangu Kihesa. Fundi wa printa alikuwa kwenye simu. Aliniambia hawezi kuiunganisha kompyuta ya binti yangu bila kujua jina lake.

"Kompyuta nayo ina jina?"

Akacheka. "Ingia kwenye setingi, mama. Fungua palipoandikwa System, halafu shuka chini kabisa, bofya About. Jina utaliona pale juu."

Nikashuka, nikabofya. Imeandikwa USHARIKA-OFISI.

Khaa! Kompyuta ile binti yangu alipewa na kaka yangu siku ya kipaimara. Aliingia nayo ukumbini akicheza, ameibeba kichwani, imefungwa karatasi ya maua, akina mama wanapiga vigelegele. Na kaka yangu ni mzee wa kanisa! Kompyuta ya ofisi ya usharika ilipopotea, yeye ndiye aliyesimama mbele yetu akasema mlinzi amekula njama na wezi. Mlinzi akafukuzwa, akaenda Chunya kuhangaika kwenye machimbo ya dhahabu. Mkewe akabaki hapa, watu wanamnyooshea vidole. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Nikampigia kaka. Salamu sikumpa.

"Kompyuta uliyompa mwanangu ina jina la usharika."

Mtu mzima yule akacheka. "Sasa si ulibadilishe? Hapohapo pana sehemu ya kubadilisha jina. Dakika moja tu."

"Na mlinzi je?"

"Mlinzi gani tena, dada?"

Ptuu! Nilitema mate kweli, nje ya dirisha. Mdomo huohuo ndio unaotuongozea sala kila Jumapili. Nilijisikia uchafu hata kwa kuzaliwa naye tumbo moja. Binti yangu alilia nilipomwambia zawadi inarudi, nikamwacha alie.

Jumapili niliitoa sadaka, pamoja na vitu vya wenzangu. Ibada ilipokwisha tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka hizo. Kaka ndiye muuzaji wetu siku zote, ana maneno matamu huyo. Alipoiona mezani, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo, akairuka. Akamnyanyua jogoo, akaanza kumsifia mapaja. Hana haya!

Nikasogea, nikaifungua kompyuta palepale, nikaiweka kwenye ule ukurasa wenye jina.

"Kaka," nikasema kwa sauti, "hii ndiyo uliyompa mwanangu siku ya kipaimara. Wasomee watu inaitwaje."

Hakusoma. Aliyekuja kusoma ni mke wa mlinzi. Alitoka nyuma, akapita katikati yetu, akainama kwenye kioo. Alisoma taratibu, kwa sauti, kila mtu akasikia. Kisha akatoa simu yake kwenye kitenge, akamtazama kaka yangu usoni.

"Mzee, nimpigie mimi mume wangu, au utampigia wewe?"