Mwenye kabati zima la magari, mama akaenda hospitali kwa mkokoteni

Wakuu, salaam zenu. Haya nimeyaona mwenyewe, na nisipoona nitasema sikuona.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Temeke, mama mmoja alikimbizwa hospitali kwa mkokoteni wa kubebea maji huku mwanawe ana magari kabati zima.

Ndiyo, kabati. Vigari vya chuma saizi ya kiganja, milango inafunguka, usukani unaonekana. Havibebi hata sisimizi.

Turudi nyuma. Jirani yetu huyu, nimwite Sudi, Mzaramo, alikuwa na pikapu ya kubebea mkaa kutoka Pugu. Ilikuwa inakohoa, lakini nyumba nzima ilikula kwayo, mama yake akiwamo.

Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, Sudi akanunua kigari kwa mzungu wa Msasani aliyekuwa anauza vitu arudi kwao. Mzungu mwingine akakitaka kwa bei ya baiskeli. Cha pili kikaenda kwa bei ya redio kaseti.

Hapo akili ikahama.

Akauza pikapu. Pikapu inayotembea, wakuu! Akanunua vigari zaidi, akavipanga kwenye kabati la kioo sebuleni, juu ya vitambaa alivyofuma mama yake, kila kigari ndani ya boksi lake.

Wanawe marufuku kugusa. "Boksi likichanika, bei imekufa," anatuambia kama mhadhiri. Ukimshauri auze: "Ngoja braza, vinapanda."

Na kweli vilipanda, hilo simnyimi. Kimoja chekundu, cha mashindano, mzungu mmoja alishakifikisha bei ya friji.

Kisha mama akazidiwa. Teksi ikakosekana. Mkokoteni ndio ukamchukua, na hakurudi.

Msibani hakuna aliyethubutu kuvitaja vigari. Isipokuwa Mzee Mihayo, fundi baiskeli, Mnyamwezi. Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani, na mtani msibani ana ruhusa ya kuchukua na kusema lolote. Mfiwa akikasirika, aibu ni yake.

Mihayo akafungua kabati, akachana maboksi, akavipanga vigari mchangani mbele ya watu.

"Abiria wa hospitali, pandeni! Wazaramo nyie, magari yote haya mlikosa dereva?"

Watu wakacheka huku wanalia. Sudi akaruka.

"Mzee, hicho chekundu kiache! Kina mtu!"

"Kina mtu? Ndiyo maana mama yako hakuenea?"

Wazee wakamkalisha Sudi chini kwa nguvu.

Tuliporudi kutoka kuzika, vigari vyote vilikuwepo, vimejaa mchanga, isipokuwa chekundu. Sudi akamfuata Mihayo.

"Muulize mama yako," akajibiwa. "Kaondoka nacho."

Mie ishu kama hii siiachi. Niliwauliza wawili walioshuka kaburini. Mmoja anasema aliona kitu chekundu kwenye udongo. Mwenzake anaapa hakukuwa na kitu. Mihayo mwenyewe alicheka tu, akaendelea kuziba pancha.

Nilichojifunza: mali inayopanda bei huku wewe huruhusiwi kuigusa, hiyo si mali yako, wewe ndiye mlinzi wake. Wanaojua mipaka ya utani waje watueleze, je, Mihayo alivuka?

Mpaka nahamia Mwenge, yule mzungu alikuwa bado anakiulizia kile chekundu, bei imepanda tena, na Sudi alikuwa anakwenda makaburini kila Ijumaa. Kusoma dua au kupima udongo, sijui.